Mwanzo wa Hadithi Usiomwacha Msomaji

Katika nyumba zetu za pwani, hadithi ilikuwa na mlango wake. Bibi alisema, "Paukwa!" watoto wakaitika, "Pakawa!" na papo hapo kila mmoja akatulia. Bibi alisaidiwa na sauti yake, uso wake na giza la usiku. Mwenye kuandika hana hata kimoja katika hivyo. Msomaji wake ana chungu mekoni na mtoto mgongoni, na ukurasa usipomshika mapema ataukunja. Hivyo ndivyo zinavyopotea hadithi nyingi njema, zikiwemo za wazee wetu tunazotamani kuwahifadhia wana wetu. Hazipotei kwa ubaya wake, bali kwa kuwa hapakuwa na aliyezifikia.

Basi mwanzo mwema hufanya nini? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi unaosomwa hadi leo. Ule ni wasia wa kishairi, si hadithi fupi, lakini tutazame unavyoanza. Mama amwita bintiye asogee karibu. Amweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, naye hajapata kumwambia neno la manufaa. Kisha amtaka aje na wino na karatasi, kwani moyoni mna jambo.

Kwa beti chache tu twajua mambo matatu: nani asema, amwambia nani, na kwa nini jambo hili halingojei kesho. Mwana Kupona aliolewa na mtawala wa Siu, na angeweza kuanza kwa fahari ya mji au nasaba ya mumewe. Alianza kwa mgonjwa na mwanawe. Nasi twataka kujua atamwambia nini.

Waandishi wetu chipukizi, hasa mabinti walioko shuleni, hupenda kuanza hivi: "Hapo zamani palikuwa na msichana aitwaye Rukia. Alikuwa mrefu, mweupe wa moyo, na alikaa na wazazi wake Mombasa." Hapana kosa la lugha hapo, ila hapana pia linalotusukuma mbele. Tumpe Rukia huyo huyo mwanzo mwingine: "Watu wa posa waliahidi kuja wanane. Rukia alipochungulia dirishani alihesabu tisa, na huyo wa tisa alimjua."

Hatukuambiwa urefu wake wala jina la mtaa, na bado twamwona amesimama nyuma ya pazia. Sifa zake zaweza kuja baadaye, kila moja mahali inapohitajika. Tuliyoyapata ni mtu, saa yenye uzito, na swali ambalo jibu lake liko mbele.

Lakini tuchunge. Wengine, kwa kutaka kumshtua msomaji, huanza kwa maiti au mayowe, kisha hadithi ikageuka kuwa ya mambo mengine kabisa. Ahadi ni deni. Ukimwonyesha msomaji mtu wa tisa mlangoni, lazima umwambie ni nani, na kuja kwake kuwe kumebadilisha jambo katika maisha ya Rukia. Mwanzo usiolipwa humfanya msomaji ajione amedanganywa, na mara ya pili hatarudi.

Mwanzo pia si lazima uandikwe kwanza. Tumalize hadithi yote, kisha turudi juu tuisome upya. Mara nyingi tutakuta kwamba hadithi yenyewe yaanza aya ya pili au ya tatu, na yaliyotangulia yalikuwa ni mwandishi kujipasha moto tu. Tuyafute bila huruma.

Na jaribio lake ni jepesi, tena la nyumbani. Wiki hii, baada ya chakula cha usiku, kila aliye na kisa aandike sentensi mbili za kwanza, awasomee wenziwe, kisha anyamaze. Wakiendelea kuzungumza mambo yao, arudi kwenye karatasi. Mtoto mmoja akiinua kichwa na kuuliza, "Kisha ikawaje?" basi mlango umefunguka, na mwandishi aendelee kuandika.