Mwanariadha Mgeni Anapofikia Kwako Iten

Mwanafunzi wa sekondari aliyezoea kukimbia Dar es Salaam, usawa wa bahari, akifika Iten amepanda takriban mita 2,400. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, hivyo kila pumzi humpa oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mwenyeji aliyezaliwa huku halihisi hilo. Anachoona ni mtoto asiyemaliza sahani, anayeshtukashtuka usingizini, na wengi husema amekumbuka kwao. Kumbe mwili uko kazini. Anapumua haraka, anakojoa sana, na hewa kavu inamkausha. Mpe maji kabla hajaomba.

Figo zake huanza ndani ya saa chache kutoa homoni inayoamuru uboho uzalishe chembe nyekundu za damu, lakini faida yenyewe huja baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo ule msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu haumhusu. Wiki ya kwanza akimbie polepole, hata vijana wa hapo nyumbani wakimwita kwenye fatleki ya Alhamisi, yaani mbio za kubadilisha kasi. Kocha wake akipiga simu kudai muda mzuri, mwambie wazi kwamba bado.

Chembe hizo zinahitaji madini ya chuma, na hapa ndipo ninapobishana sana na akina mama wenyeji. Wanapika vizuri mno: ugali wa wimbi, maharagwe, sukuma wiki. Kisha kando ya sahani wanaweka kikombe cha chai ya maziwa, na majani ya chai huzuia sehemu kubwa ya chuma cha mboga na maharagwe kufyonzwa. Mama, chai isubiri saa nzima baada ya kula. Badala yake kamulia limau kwenye sukuma, au mkatie chungwa. Mursik, yale maziwa yaliyochachushwa, aionje kidogo, isiwe siku ya mashindano.

Kabla hajasafiri, muulize mzazi kama mtoto ana selimundu au amerithi kinasaba chake. Kwa hao, mwinuko na mazoezi makali ni hatari ya kweli, na daktari aamue kwanza.

Akishikwa na mafua, usifungue kabati lako la dawa. Dawa nyingine za mafua zina pseudoefedrini, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo wakati wa mashindano ni kosa. Vidonge vya prednisoloni navyo vimekatazwa mashindanoni. Adhabu humwangukia yeye, hata kama ulimpa kwa huruma. Piga picha ya pakiti, umtumie kocha na mzazi, na usubiri jibu kabla mtoto hajameza.