Daikin au Mitsubishi? Somo la AC mbili katika nyumba moja ya Southall



Kwa miezi kadhaa sasa naulizwa swali lile lile. Mmoja yuko Reading, mwingine Leicester, na wawili ni ndugu zangu wa Dar: "Bwana, wewe uliweka AC nyumbani. Kati ya Daikin na Mitsubishi, ipi bora?" Nimechoka kujibu kwa simu, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote. Mimi si injinia, kazi yangu ni isimu. Lakini nilipolazimika kununua nilifanya kama tulivyofundishwa wakati wa tasnifu: nilisoma karatasi zote, nikapiga hesabu, halafu nikamwuliza anayejua.

Nianze na sababu. Tarehe 19 Julai 2022 mama yangu alianguka chumbani kwake ghorofani. Alikuwa na miaka 79, mzaliwa wa Tanga. Siku ile kipimo cha Heathrow, ambapo ndege zake tunaziona zikishuka kutoka dirishani kwetu, kilifika nyuzi 40.2. Kule Coningsby, Lincolnshire, kilifika 40.3, na ndiyo mara ya kwanza Uingereza kuvuka 40. Mama alikuwa amekauka maji mwilini. Alilazwa siku mbili, akarudi, Alhamdulillah. Wengine hawakurudi: mamlaka ya afya ya hapa ilikadiria kuwa joto la kiangazi kile lilihusika na vifo karibu 3,000 katika England peke yake, wengi wao wazee.

Nilipopiga simu Tanga, kwanza walicheka. Mtu wa Tanga aangushwe na joto la Ulaya? Lakini fikirini. Miaka yangu yote Tanga sikuwahi kuona nyuzi 40. Na nyumba zetu za pwani zimejengwa ili hewa ipite: dari juu, madirisha yanayotazamana, baraza, upepo wa baharini jioni. Nyumba yetu ya Southall, ya miaka ya 1930, imejengwa kwa kusudi la kinyume kabisa, yaani kushika joto lisitoke. Matofali hunywa jua kutwa nzima, na mwezi wa saba jua lenyewe huzama baada ya saa tatu usiku. Usiku matofali yanarudisha kile yalichokunywa, na chumba cha juu, chini ya vigae, kinakuwa tanuri. Feni tulikuwa nayo. Lakini hewa ikishapita joto la ngozi, kiasi cha nyuzi 35, feni inampulizia mzee hewa ya moto tu.

Basi, mwaka 2023, kabla ya kiangazi, nikaingia sokoni.

1. KIFAA KINAFANYAJE KAZI

Watu wengi wanadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi. Sivyo. Kinahamisha joto, kama friji. AC ya spliti ina vipande viwili: kimoja kimetundikwa ukutani ndani, kingine kiko nje, na kati yao yanapita mabomba ya shaba yenye gesi. Ndani, gesi inanyonya joto la chumba. Nje, kompresa inaikandamiza mpaka inalitupa joto lile uani. Ukigeuza mzunguko, kifaa hicho hicho kinavuta joto kutoka nje, hata wakati wa baridi, na kulileta ndani. Huku Uingereza jambo hili lina maana kubwa: kifaa unachokinunua kwa wiki tatu za joto kinaweza kukufaa miezi sita ya baridi.

Neno la pili la kulijua ni inverta. AC za zamani zina kompresa inayojua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Inawaka kwa nguvu zote, chumba kinapoa, inazima, joto linarudi, inawaka tena. Ya inverta hupunguza mwendo ikiendelea kufanya kazi polepole, kama dereva anayeachia mafuta badala ya kukanyaga breki kila mara. Umeme unapungua na kelele inapungua.

2. WASHINDANI WAWILI

Niliwapunguza mpaka wakabaki wawili, wote Wajapani na wote wa inverta: Daikin Perfera (FTXM25R) na Mitsubishi Electric MSZ-AP25VGK. Matoleo mapya hutoka kila baada ya miaka michache, lakini namna ya kulinganisha haibadiliki.

Vyote viwili vina nguvu ya kupoza ya kilowati 2.5, ile ambayo madukani huitwa "9,000 BTU". Vyote vinatumia gesi ya R-32, ambayo athari yake kwa hali ya hewa ni mara 675 ya kaboni dioksidi. Ni nyingi, lakini R-410A iliyotangulia ilikuwa mara 2,088. (Makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za aina hii yalipitishwa kwetu Afrika Mashariki, Kigali, Oktoba 2016.) Vyote viwili, kwa mwendo wa chini kabisa, vinatoa sauti ya desibeli 19, yaani chini ya mnong'ono. Na vyote unaweza kuviamuru kwa simu yako ya mkononi.

Tofauti ziko wapi? Daikin ina kihisi kinachotambua mtu yuko upande gani wa chumba, kikaelekeza upepo pengine. Ina pia kifaa cha kusafisha hewa. Mitsubishi ya daraja hili haina kihisi hicho, ila ina hali ya usiku ambapo taa yake hufifia, milio ya rimoti hunyamaza, na kile kipande cha nje hupunguza kelele. Kwa jirani ambaye ukuta wake ni ukuta wako, hilo si dogo.

3. HESABU

Hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Kila AC ina alama mbili. SEER inaonyesha kila uniti moja ya umeme inaondoa uniti ngapi za joto kwa msimu mzima wa kiangazi. SCOP ni hivyo hivyo kwa kupasha joto majira ya baridi. Kwenye karatasi zao, Daikin ina SEER 8.65 na SCOP 5.1. Mitsubishi ina 8.6 na 4.8.

Muuzaji mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba tofauti ile "itajilipa yenyewe". Nikachukua kalamu. Kipimo cha Ulaya kinahesabu kiangazi kuwa sawa na saa 350 za nguvu kamili. Kilowati 2.5 mara 350 ni uniti 875 za joto. Gawanya kwa 8.65, unapata uniti 101.2 za umeme. Gawanya kwa 8.6, unapata 101.7. Tofauti yake ni nusu uniti kwa mwaka! Tukichukua uniti moja kuwa peni 26, ni kama peni 13. Kwa kiangazi, basi, vifaa hivi ni mapacha.

Majira ya baridi ni tofauti kidogo. Kipimo kinachukua saa 1,400. Kwa mahitaji ya kilowati 2.4, ni uniti 3,360 za joto. Daikin itakula umeme uniti 659, Mitsubishi 700. Tofauti ni uniti 41, kama pauni 11 kwa mwaka. Bei niliyopewa ya Daikin ilizidi kwa pauni 140. Kwa hiyo ingenichukua miaka 13 kurudisha pesa ile, na AC yenyewe haina hakika ya kuishi miaka mingi kupita hapo.

4. FUNDI

Sasa niwaambie aliyenifumbua macho. Southall, kama mnavyojua, ilipokea Wahindi wengi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengine waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Jirani alinielekeza kwa fundi mmoja, mzee Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanafunzi wangu. Nikamtandazia majedwali yangu. Akayatazama kwa adabu, akavua miwani.

"Daktari, hesabu yako ni nzuri. Lakini umelinganisha mashine. Chumba umekipima?"

Sikuwa nimekipima. Na muuzaji yule hakuniuliza pia, alitaka kuniuzia ya kilowati 5, "ili mama apate baridi ya kutosha". Mzee akatoa futi yake. Mita 3.6 kwa 3.2. Akasema ya kilowati 2.5 inatosha na kubaki. Kubwa mno ni hasara mara mbili: unalipa zaidi, halafu inafikia baridi upesi na kuzima kabla haijauvuta unyevu hewani. Chumba kinakuwa baridi na majimaji, na mzee anaamka viungo vinamuuma. Ndugu zangu wa pwani, hili lituguse hasa sisi, maana kwetu unyevu ndio adui mkubwa kuliko joto lenyewe, na bado tunanunua AC kama tunavyonunua spika za harusi.

Kuhusu kihisi cha Daikin, nikamwambia mama ana baridi yabisi, hataki kupulizwa. Akasema, "Basi tusiitundike mbele ya kitanda. Tuiweke juu ya mlango, upepo upite juu ya miguu uende dirishani. Hiyo ni bure." Akaongeza kwamba kwa mtu anayekaa ofisini kwake nyumbani kutwa nzima, akihama huku na huku, kihisi kile kina thamani. Kwa mtu aliyelala mahali pamoja, mahali pa kutundika ndipo penye thamani.

Halafu akanipa maswali matatu ya kumwuliza fundi yeyote, hata asiwe yeye. Kwanza, una cheti cha kushika gesi hizi? Uingereza hilo ni sharti la sheria. Pili, utayavuta mabomba kwa pampu mpaka hewa na unyevu viishe kabla ya kufungulia gesi? Anayesukuma hewa nje kwa gesi kidogo tu anakuharibia kompresa taratibu, na makosa yatakuja kuonekana yeye keshaondoka. Tatu, maji ya AC yatatokea wapi?

Nikachukua Mitsubishi. Pauni 140 zilizobaki nikanunulia kivuli cha nje cha dirisha linalotazama magharibi, maana joto lisiloingia halihitaji kutolewa. Halmashauri ya Ealing niliiuliza kabla ya kutoboa ukuta. Tangu Mei 2025 masharti ya England yamelegezwa kwa vifaa vinavyopasha na kupoza pia, lakini kikomo cha kelele kwa jirani kipo palepale, na aliyeko kwenye fleti lazima amwombe mwenye jengo.

5. WALIOKO NYUMBANI

Kwa ndugu wa Dar na Mombasa: msiagize AC kutoka huku kwenye kontena. Nunueni iliyouzwa huko, yenye dhamana ya huko na vipuri vya huko. Ulizeni kama koili ya nje imepakwa dawa ya kuzuia kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Wekeni kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu inverta ni kompyuta ndogo na haipendi umeme unaopanda na kushuka. Na huko ambako AC inafanya kazi miezi mingi kwa mwaka, ufanisi wa kupoza una uzito zaidi kuliko huku. Kwa hiyo jibu langu la Southall lisinakiliwe Mikocheni. Rudieni hesabu kwa saa zenu na bei yenu ya umeme.

Limebaki moja ambalo halimo katika karatasi yoyote. Kiangazi cha 2025, kilichokuwa cha joto kuliko vyote katika kumbukumbu za Uingereza, niliingia chumbani kwa mama usiku nikakuta AC imezimwa, naye amelowa jasho, khanga imemganda mgongoni. Nikashtuka.

"Mama, kwa nini?"

"Mwanangu, nyinyi mnalipa sana. Tena hicho kidude kinaleta mafua."

Miezi yote ile nilikuwa nimewaonyesha hesabu watu wote isipokuwa yeye. Nikakaa kitandani, nikamweleza: usiku mzima, saa nane, kwa kawaida haili zaidi ya uniti mbili. Peni 52. Chai ya maziwa pale Broadway inazidi hapo. Mafua nayo huletwa na virusi, si na kidude hicho, ila nyuzi 18 kama bucha hazimfai, kwa hiyo tukaiweka 26 na feni polepole. Mke wangu akabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: "26. PENI 52." Tangu siku ile haizimi.

Kwa hiyo mkiniuliza Daikin au Mitsubishi, nasema chukueni yoyote kati ya hizo mbili, ile ambayo fundi mzuri wa mtaa wenu anaijua. Pimeni chumba, chagueni mahali pa kutundika, zuieni jua kwanza. Na yule mliyemnunulia, mwelezeni inagharimu kiasi gani. AC iliyozimwa kwa kuogopa bili haimwokoi mtu, iwe na SEER 8.6 au 86.

Wenye uzoefu tofauti, hasa wa Maskati na Dubai ambako AC si anasa hata kidogo, nitafurahi kusahihishwa.

Naomba kutoa hoja.

Mwenzenu,
Southall