Golikipa Aliyerudi Chuoni Kwake

Muhula huu jina langu halikuwamo katika orodha ya timu yetu ya mpira wa magongo. Nililinda goli kwa miaka miwili, na nafasi yangu amepewa msichana wa Kidato cha Pili. Mwalimu wa michezo aliponiona nimenuna aliniambia nikasome habari za Erin Whitten wa Marekani. Nimezisoma, na sasa nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyoyapata.

Mchezo wa bibi huyu si kama wetu. Huchezwa juu ya barafu, na badala ya mpira hupigwa kisahani cha raba ngumu, upana wake inchi 3 na unene inchi 1. Goli lao lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4, hali letu ni futi 12 kwa 7. Msidhani kwa hiyo kazi ni rahisi! Kisahani huja kwa kasi mno, na mara nyingi watu wamesimama mbele ya golikipa. Golikipa hodari hangoji ndani ya goli. Hutoka kidogo kumkabili mpigaji. Weka kiganja karibu na jicho lako utazame mlango wa darasa: mlango wote umezibwa. Kisogeze mbali, nao waonekana tena. Ndivyo golikipa anavyoliziba goli kila anapomkaribia mpigaji. Lakini akitoka mno atazungukwa, na goli litabaki tupu.

Whitten alikulia Glens Falls, jimbo la New York, akicheza pamoja na wavulana. Tangu 1989 hata 1993 alilinda goli la Chuo Kikuu cha New Hampshire. Alipomaliza masomo aliingia katika ligi ya kulipwa ya wanaume. Tarehe 30 Oktoba 1993 timu yake, Toledo Storm, iliishinda Dayton Bombers, na ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Kwao ushindi huhesabiwa kwa golikipa aliyekuwamo golini lilipofungwa bao la ushindi. (Laiti na sisi tungekuwa na desturi hiyo.) Kabla yake hakuna golikipa mwanamke aliyepata kuandikiwa ushindi katika mchezo wa kulipwa.

Aliidakia pia timu ya taifa katika mashindano ya dunia ya 1992, 1994 na 1997, na mara zote tatu Marekani ilikuwa ya pili nyuma ya Kanada. Kisha mwaka 1998 wanawake waliingizwa kwa mara ya kwanza katika mchezo huo kwenye Olimpiki, huko Nagano, Japani. Marekani ilipata dhahabu. Whitten hakuwamo.

Hapo niliacha kusoma kwa muda.

Baadaye alirudi chuo kile kile cha New Hampshire, akawa mwalimu msaidizi wa timu. Na chuo cha Merrimack, katika jimbo la Massachusetts, kilipoanzisha timu yake ya wanawake, iliyoanza kucheza 2015, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa kwanza. Mimi sishangai. Uwanjani golikipa ndiye anayeutazama mchezo wote ukimjia.

Jumatano iliyopita nilimwita yule msichana wa Kidato cha Pili, nikamsimamisha golini nikampigia mipira. Ana mikono myepesi, ila huchelewa kutoka. Tumepatana kufanya hivyo kila Jumatano kabla ya chakula cha jioni, naye ameniomba nisipige kwa hasira.