Rangi, Mwanga na Fangasi wa Ukeni

Mwanamke anayewashwa ukeni na kutokwa na uchafu mweupe kama maziwa mgando mara nyingi hukimbilia duka la dawa. Hupewa kidonge kimoja cha flukonazo cha miligramu 150, au vidonge vya klotrimazo vya kuweka ukeni. Wengi hupona. Takriban wanawake 3 kati ya 4 huugua fangasi hawa angalau mara moja maishani, lakini wapo ambao hurudiwa mara tatu au zaidi kwa mwaka, na dawa ileile haifui dafu tena.

Kwa ajili ya hao, watafiti wameugeukia mwanga.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1900 mjini Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab aligundua kuwa vijidudu vya paramesia vilivyotiwa rangi ya akridini vilikufa upesi kwenye mwanga, ilhali gizani viliendelea kuishi. Siri ilikuwa katika kukutana kwa rangi na mwanga.

Siku hizi rangi inayotumika sana katika majaribio ni methilini bluu, ileile ambayo Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891. Hupakwa palipoathirika na kuachwa dakika kadhaa iingie kwenye seli za fangasi, kisha humulikwa kwa mwanga mwekundu wa takriban nanomita 660. Rangi hunyonya mwanga huo na kuipa nishati oksijeni iliyo jirani, nayo hugeuka kali na kuunguza utando wa seli, protini na vinasaba kwa mpigo. Hapo ndipo penye matumaini makubwa. Flukonazo hulenga kimeng'enya kimoja tu, na fangasi akikibadilisha kidogo, dawa hukosa pa kushika. Kukwepa shambulio la pande zote ni kazi ngumu zaidi. Si jambo dogo, maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka Candida albicans, fangasi anayeongoza kwa tatizo hili, katika kundi la hatari ya juu kabisa.

Hata hivyo, ushahidi mwingi bado ni wa maabara, wa panya na wa vikundi vidogo vya wagonjwa. Taa inayouzwa mtandaoni, bila rangi wala kipimo cha mwanga, haiwezi kuitwa tiba hii. Tena mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vifaa vya leza vilivyonadiwa kuwa "vinarejesha ujana" wa uke, baada ya taarifa za kuungua, makovu na maumivu ya kudumu.

Kilicho muhimu zaidi kwa sasa ni kipimo cha maabara. Miwasho huweza pia kuletwa na kimelea kiitwacho trikomonasi, ambacho flukonazo haikigusi. Mtaalamu wa maabara huweka ute kidogo kwenye kioo na kudondoshea potasiamu haidroksaidi. Seli za mwili huyeyuka, na chini ya hadubini hubaki vichipukizi na nyuzi za fangasi. Kwa anayerudiwa mara kwa mara, sukari ya damu nayo ipimwe. Asipokuwa mjamzito, na ikiwa fangasi wake bado wanasikia dawa, daktari huweza kumpa flukonazo mara moja kwa wiki kwa miezi 6, baada ya dozi za mwanzo.