Hela Imekatwa, Risiti Haijarudi

Wakati wa giza, pale mwezi unapokuwa haupo na taa za wavuvi zinatapakaa ziwani usiku kucha, asubuhi ya Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, huwa na haraka yake. Mitumbwi inarudi na dagaa, magunia ya waliokwisha kukaushwa yanapakiwa kwenye maboti ya Burundi na Kongo, na nahodha akishawasha injini hamngoji mtu. Kati ya gunia na boti kuna malipo. Mchuuzi anapewa kontroli namba, anaiingiza kwenye simu, anaweka namba ya siri, na ujumbe unaingia kumwambia amelipa. Kwenye mashine ya mtoza ushuru, bili ileile bado inasoma kwamba haijalipwa.

Hapo hakuna mwizi wala mwongo. Kontroli namba ile, tarakimu 12 zinazoanza na 99, ni uzi unaofunga mifumo ya watu wasiokaa ofisi moja: mfumo wa taasisi inayodai, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki uitwao GePG, ulioanza mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha, na mfumo wa benki au kampuni ya simu iliyopokea hela. Kila mmoja una daftari lake. Hela imeshaandikwa kwenye daftari moja, na habari yake bado iko njiani kuelekea jingine.

Mtu wa kawaida husema mtandao unasumbua, na mara nyingi ni kweli. Lakini hata mtandao ungekuwa mzuri kiasi gani, shaka hii isingeisha. Mwaka 1975 wataalamu watatu wa kompyuta, Akkoyunlu, Ekanadham na Huber, walionyesha kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia isiyoaminika haziwezi kamwe kuwa na uhakika kamili kwamba zimeelewana. Miaka mitatu baadaye Jim Gray aliliita fumbo hilo kwa jina la majenerali wawili. Tulilete ziwani. Mchuuzi wa Kibirizi na mwenzake wa Uvira, upande wa Kongo, wanataka kupandisha bei siku moja, na atakayepandisha peke yake atapoteza wateja. Wa Kibirizi anatuma barua kwa boti. Hawezi kupandisha bei hadi ajue imefika, kwa hiyo anangoja jibu. Wa Uvira naye, akishajibu, hana hakika jibu limefika, kwa hiyo anangoja jibu la jibu. Barua ya mwisho, iwe ya tatu au ya mia, daima haina wa kuithibitisha.

Ukilikubali hilo, namna ya kupanga mradi wa kuunganisha mifumo inageuka. Huhangaiki tena kuifuta shaka, unahangaika isimdhuru mtu. Tuseme vijana wa Kigoma wamepewa kazi na taasisi ya umma inayotoza ushuru mwaloni, wauunganishe mfumo wake na GePG. Wakiichukulia kazi hiyo kama maongezi ya simu, niulize unijibu, watakwama wiki ya kwanza. Taasisi inatuma bili. GePG inarudisha msimbo wa kukiri kupokea, kwa mfano 7101. Wanaoanza huishangilia 7101, kumbe maana yake ni kwamba mzigo umepokelewa tu. Kontroli namba yenyewe huja baadaye, kwa ujumbe mwingine, na ni GePG ndiyo itakayobisha hodi kwenye mfumo wako kuileta. Malipo nayo huja vivyo hivyo, kwa wakati wake. Mfumo wako ukiwa umezimwa saa hiyo, hodi haina wa kuiitikia.

Dawa ya kwanza ni ya kizamani kuliko kompyuta: kila bili iwe na namba yake ya kipekee, itungwe na anayeomba kabla hajaomba. Jibu lisipokuja, atume tena bili ileile kwa namba ileile, na anayepokea akiiona mara ya tano aihesabu moja. Vivyo hivyo taarifa ya malipo ikiletwa mara mbili isimpe mtu risiti mbili. Sheria hii ni fupi, na kukosekana kwake ndiko kunakozaa bili pacha, mchuuzi akalipa moja huku boti ikizuiwa kwa ajili ya nyingine.

Dawa ya pili ni kulinganisha hesabu. Kesho yake taasisi inaomba orodha ya malipo yote ya jana na kuilinganisha na daftari lake, mstari kwa mstari. Kilichopotea njiani kinaonekana hapo. Waandishi wa programu huiona kazi hii kuwa ya wahasibu na kuiacha mwisho. Kwa maoni yangu ingeandikwa kwanza, kwa sababu ndiyo pekee itakayosema kama mengine yote yanafanya kazi.

Halafu kuna mambo madogo, na hapa ndipo Kibirizi inapowashinda wanaopanga wakiwa mbali. Fomu inayomlazimisha kila mlipaji ajaze namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, ni nzuri hadi afike mama wa Uvira aliyekuja kununua dagaa. Yeye ni mteja halali, na kitambulisho hicho hana. Mtoza ushuru ataweka namba ya nani? Ataweka ya kwake, na kuanzia siku hiyo takwimu za mwalo zitasema kuna Mtanzania mmoja anayesafirisha nusu ya dagaa wote. Saa nayo ina mtego. Tanzania iko mbele ya Burundi na mashariki ya Kongo kwa saa moja, kwa hiyo bili inayokufa saa 5:59 usiku Kibirizi inakufa saa 4:59 kwa simu ya Bujumbura. Mfumo usioandika saa pamoja na majira yake utamnyima mtu saa nzima, au utampa ya bure.

Na alama ya king'ong'o. Ujumbe unaokwenda GePG hutiwa saini ya kidijitali, hesabu inayofanywa juu ya kila herufi. Ng' ya jina la mtu ikibadilishwa umbo njiani, au nafasi moja ikaongezwa baada ya saini, saini haikubali tena na bili inakataliwa. Majaribio yaliyofanywa kwa majina ya Juma na Asha pekee hayatagundua hilo.

Kalenda ya majaribio pia haifai kunakiliwa kutoka kwingine. Wakati wa mbalamwezi taa haziwavuti dagaa vizuri na mwalo hupoa. Mfumo ukijaribiwa siku hizo utaonekana hodari. Uzinduliwe wakati huo kwa usalama, sawa, lakini upimwe kwa wingi wa bili za asubuhi ya giza. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu kama hiyo ni nafasi nzuri ya kubadili mfumo, ila siku ya kufungua ziwa ndiyo mbaya kuliko zote kuuwasha kwa mara ya kwanza.

Angalau siku hizi kampuni za simu na benki zina kituo kimoja cha kuunganishia. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba zamani ukimtumia hela mtu wa mtandao mwingine alipata namba tu kwenye ujumbe, akaitafutie wakala wa mtandao wako. Kuanzia mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilifungua njia kati yao, na Vodacom ikaingia 2016, kwa makubaliano ya wawili wawili. Kampuni nne zinahitaji makubaliano sita, kumi zinahitaji 45. Ndiyo maana Benki Kuu ikajenga TIPS, mahali pamoja ambapo wote wanakutana. Kumi wanahitaji viunganishi kumi. Gharama yake ni kwamba kituo hicho kikilala, wote wanalala nacho.

Hilo huwezi kulizuia ukiwa Kigoma, na mpango usijifanye kulizuia. Uandike mtoza ushuru afanye nini bili isipobadilika ndani ya dakika kumi: nani mwenye mamlaka ya kuruhusu gunia lipande kwa ujumbe wa simu pekee, kwa kiwango gani cha hela, na ataandika wapi. Uandike namba ya simu ya mtu wa zamu kila upande, maana boti huondoka hata siku za sikukuu. Na uandike tarehe ambayo cheti cha saini ya kidijitali kinaisha muda, pamoja na cheo cha atakayekihuisha, kwa kuwa kijana aliyekiweka huenda siku hiyo atakuwa ameshaajiriwa Dodoma.