Kudai, Kudaiwa na Deni: Istilahi za Mashauri na Dhima katika Hesabu za Makampuni

Mwaka 2017 Watanzania walijifunza neno jipya kwa muda wa majuma machache tu. Neno hilo ni makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kuchenjuliwa kwa kiasi fulani lakini ambao bado haujayeyushwa ili kuzitenga dhahabu, shaba na fedha zilizomo. Mwezi Machi mwaka huo Serikali ilipiga marufuku kuusafirisha mchanga huo nchi za nje, na punde si punde neno ambalo awali lilikuwa la wataalamu likawa katika vinywa vya wauza magazeti na abiria wa mabasi. Tukio hilo ni ushahidi kwamba umma hauogopi istilahi, ilimradi istilahi yenyewe ina maana moja iliyo wazi.

Hata hivyo, katika habari hiyo hiyo yalitumika maneno mengine ambayo hakuna aliyeyatilia shaka kwa sababu yamezoeleka mno: kudai, kudaiwa, deni na uchunguzi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno hayo ya kila siku ndiyo yanayomtega mfasiri wa hesabu za makampuni, na kupendekeza namna ya kuyatumia bila ya kumpotosha msomaji.

Kwanza yafaa tuueleze mkasa wenyewe. Acacia Mining ilikuwa kampuni ya umma iliyosajiliwa Uingereza, na hisa zake ziliuzwa katika soko la hisa la London na pia la Dar es Salaam. (Mfasiri aangalie: kampuni ya umma ni ile ambayo hisa zake zaweza kununuliwa na mtu yeyote, shirika la umma ni mali ya Serikali. Maneno haya mawili hayabadilishani.) Rais aliunda kamati mbili. Ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilichunguza makinikia ya makontena 277 yaliyozuiliwa nchini, nayo ilitoa taarifa yake mwezi Mei. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ilichunguza mambo ya uchumi na sheria, nayo ilitoa taarifa mwezi Juni. Mwezi Julai Mamlaka ya Mapato iliipelekea kampuni hati za makadirio ya kodi ya miaka ya nyuma, pamoja na riba na adhabu, zenye jumla ya dola za Marekani bilioni 190 hivi. Kiasi hicho kilizidi mara tatu pato la taifa la mwaka mzima. Kampuni ilikanusha.

Basi ikasemwa: “Kampuni inadaiwa dola bilioni 190.” Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, lakini ina maana zaidi ya moja. Mtu akisema “Juma anadaiwa shilingi elfu kumi dukani,” twaelewa kwamba Juma amekopa na hajalipa, deni lipo. Wakili akisema “Juma anadaiwa fidia mahakamani,” twaelewa kwamba yupo mtu aliyefungua shauri, na kwamba hakimu hajaamua. Na mwandishi wa habari aandikapo “inadaiwa kwamba Juma alivunja mlango,” hakuna fedha hata kidogo. Ni tuhuma tu. Kitenzi kimoja chabeba deni, dai na tuhuma. Ndiyo maana hata neno mdaiwa lina sura mbili: ni mwenye deni, na pia ni mtu aliyeshtakiwa katika shauri la madai, ambaye pengine atashinda na kwenda zake bila ya kulipa hata senti.

Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Katika hesabu za kampuni muktadha hautoshi, kwa sababu kazi yenyewe ya hesabu hizo ni kuyatenga mambo hayo matatu. Kama dola bilioni 190 zingeandikwa kuwa deni, kampuni ingehesabika kuwa imefilisika siku hiyo hiyo. Kama zisingetajwa popote, mwenye hisa angefichwa hatari kubwa kupita zote. Uhasibu umeweka njia ya katikati, na ni wajibu wa lugha kuifuata.

Njia hiyo imeelezwa katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 37, kilichotolewa mwaka 1998. Kenya ilianza kuvitumia viwango hivyo vya kimataifa mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004. Kwa ufupi, mhasibu huitazama kesi au uchunguzi unaoikabili kampuni na kujiuliza ni kwa kadiri gani kampuni itapaswa kulipa. Ikiwa kulipa kunaelekea zaidi kuliko kutolipa, na kiasi chaweza kukadiriwa kwa namna ya kuaminika, kiasi hicho huingizwa katika mizania kama dhima. Ikiwa kulipa kwawezekana tu, au kiasi hakikadiriki, hakuna kinachoingizwa katika mizania, bali jambo hilo huelezwa katika maelezo yanayofuata hesabu. Ikiwa uwezekano wa kulipa ni mdogo mno, si lazima kulitaja.

Sasa tuangalie istilahi. Dhima ya aina ya kwanza, ile iingizwayo katika mizania kwa makadirio, mara nyingi hufasiriwa kuwa akiba au fedha zilizotengwa. Tafsiri zote mbili zina kasoro. Akiba katika uhasibu ni sehemu ya faida iliyobakizwa, nayo ni haki ya wenye kampuni. Fedha zilizotengwa humfanya msomaji adhani kwamba zipo fedha taslimu benki zikimsubiri mdai, hali huenda hakuna hata shilingi moja iliyowekwa kando. Kinachoandikwa ni deni ambalo kiasi chake au siku yake ya kulipwa haijulikani kwa hakika. Kwa hiyo napendekeza deni la makadirio.

Dhima ya aina ya pili, ile ielezwayo tu, wengine huiita dhima tarajiwa. Kasoro ya istilahi hii ni kubwa zaidi, kwani inageuza maana. Kutarajia ni kuwa na tumaini au imani kwamba jambo litatokea. Dhima ambayo kampuni inatarajia kuilipa ni ile ya kwanza hasa! Hii ya pili ni ile ambayo haijulikani kama ipo, mpaka litokee tukio fulani lisilo katika uwezo wa kampuni, kama vile hukumu ya mahakama. Dhima yenye shaka nayo haifai, maana wahasibu wamekwisha kulizoea fungu la maneno madeni yenye shaka kwa madeni ambayo wateja huenda wasiyalipe. Napendekeza dhima ya tukio, na katika kutajwa mara ya kwanza ifafanuliwe: “yaani dhima itakayothibitika au kuondoka kwa kutegemea tukio la baadaye.”

Maneno ya kupimia uwezekano nayo yataka uangalifu. Neno yamkini hutumiwa na baadhi ya wasemaji kwa jambo linaloelekea kutokea, na wengine kwa jambo linalowezekana tu. Katika hesabu liepukwe. Yatumike yaelekea, yawezekana na ni vigumu kutokea, na kila moja lishike ngazi yake toka mwanzo wa taarifa hadi mwisho.

Kuhusu uchunguzi wa Serikali, mfasiri akumbuke ngazi zake pia. Kamati huchunguza na kutoa taarifa; mamlaka ya kodi hukadiria na kudai; mahakama au baraza la kodi huamua. Kwa hiyo kamati “ilieleza” au “iliona,” mamlaka “ilidai,” mahakama “iliamua.” Kuandika kwamba kamati “imeitia hatiani” kampuni ni kuipa kamati kiti cha hakimu.

Kwa mfano, badala ya “Kampuni inadaiwa kodi na matarajio ni kulipa,” iandikwe: “Mamlaka ya Mapato imetoa dai la kodi dhidi ya kampuni. Kampuni inalipinga dai hilo. Yawezekana kampuni ikapaswa kulipa, lakini kiasi hakikadiriki. Hivyo dai hili limeelezwa kuwa dhima ya tukio, wala halikuingizwa katika mizania.” Sentensi zimeongezeka, lakini sasa msomaji anajua nani amesema nini.

Mkasa wa Acacia ulimalizika kwa makubaliano. Barrick, mwenye hisa mkuu, aliinunua kampuni yote mwaka 2019, na mkataba na Serikali ukatiwa saini Januari 2020. Malipo ya kumaliza mgogoro yalikuwa dola milioni 300, na Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika migodi kwa njia ya kampuni mpya ya Twiga. Wako waliouliza kwa uchungu: “Bilioni 190 zetu zimekwenda wapi?” Swali hilo si la kuchekwa. Aliyeambiwa kwamba kampuni “inadaiwa” alielewa kwamba deni lipo, kama la Juma dukani. Kama wafasiri na watangazaji wangelisema tangu mwanzo kwamba lililopo ni dai, wananchi wangeweza kuyapima makubaliano yale kwa kipimo chake wenyewe, wayasifu au wayalaumu, lakini si kwa kipimo cha deni ambalo halikupata kuamuliwa.

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mashauri ya aina hii yatazidi kuandikwa kwa lugha yetu. Msamiati tunao, kilichobaki ni kuliachia kila neno kazi yake: dai liwe dai, na deni liwe deni.