Mfereji Haupandi Ukutani

"Kaka, mfereji uko nyuma ya nyumba. Tupige sindano kuta zote, au za nyuma peke yake?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno. Waulizaji ni watu wazima wenye akili zao, wengi wao wenzetu wa Afrika Mashariki wanaonunua nyumba Handsworth, Birmingham, na mitaa inayopakana nayo. Kila mmoja huwa amekwisha kuambiwa kwamba maji ya mfereji yanapenya ardhini, yanafika msingini, kisha yanapanda ukutani, na kwamba dawa yake ni kutoboa matundu kwenye matofali na kuyajaza kemikali. Kwangu mimi mkaguzi wa majengo wanakuja kuuliza kiasi tu. Nami nasema: usitoboe hata tundu moja mpaka ujue maji yanatoka wapi, na karibu kila mara hayatoki kwenye mfereji.

Handsworth haina bandari wala ufuo, lakini maji hayako mbali. Kusini, ukielekea Winson Green, kuna Soho Loop, kipande cha mfereji wa zamani wa mhandisi James Brindley kilichobaki kama kitanzi baada ya mhandisi Thomas Telford kuinyoosha njia katika miaka ya 1820. Kaskazini mto Tame unapita kuelekea Perry Barr. Katikati kuna ziwa la Handsworth Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1888. Na chini ya lami kuna Hockley Brook, kijito kilichokuwa kikiendesha mitambo ya mwenye kiwanda Matthew Boulton pale Soho, ambacho leo sehemu kubwa kimefunikwa na kupitishwa kwenye makalvati. Nyumba za karibu na maji zina wapenzi wake, na sababu naielewa. Jioni unatembea na watoto kando ya mfereji, majirani wanafahamiana, mgonjwa asipoonekana siku mbili mtu anabisha hodi. Ni mitaa ya kununua nyumba. Lakini penye kujuana, sifa za fundi husambaa kabla kazi yake haijaonekana. Mmoja akipiga sindano, shemeji yake naye anapiga, na anayeswali naye anapiga, na hakuna anayerudi baada ya mwaka kuangalia kama ukuta umekauka.

Tuanze na mfereji wenyewe. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1769, na waliouchimba waliushindilia udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji hadi ukashikamana. Hawakuwa na hiari. Birmingham imekaa juu ya uwanda, na mfereji katika sehemu hizi uko futi 453, yaani kama mita 138, juu ya usawa wa bahari. Maji ya kuujaza lazima yatafutwe, na kila mashua inayoshuka kwenye lango inaondoka na sehemu yake. Bwawa la Edgbaston lipo kwa ajili hiyo. Mfereji unaovuja kiasi cha kulowesha misingi ya mtaa mzima ungekuwa umekauka zamani. Leo Canal & River Trust, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012, inaangalia kina cha maji na kuyamwaga yakizidi. Kingo za mifereji hubomoka, ni kweli. Ikitokea, utaona maji yakitembea uani. Hutaona baka la kahawia nyuma ya kochi.

Sasa njoo kwenye nyumba. Nyingi za Handsworth zilijengwa kati ya miaka ya 1880 na vita vya 1914, na hadi mwaka 1911 eneo hili lilikuwa la Staffordshire, si la Birmingham. Chuchumaa nje, karibu na mlango, uangalie safu za chini kabisa za ukuta. Mara nyingi utakuta matofali ya rangi ya buluu iliyokolea, mazito, yenye uso laini unaong'aa kidogo yakiloa. Hayo ni matofali ya buluu ya Staffordshire, yaliyochomwa kwa moto mkali hadi yakafunga vinyweleo. Ndiyo yale yale yaliyowekwa kwenye kingo za mifereji na madaraja yake, kwa sababu karibu hayanywi maji. Juu yake au mahali pake huwa kuna tabaka jembamba la vigae vya slate. Waashi wale walilijua tatizo na wakaliwekea kizuizi zaidi ya miaka mia iliyopita. Mchuuzi wa kemikali anakuja kutoboa juu ya kizuizi hicho na kukuuzia kingine.

"Ukuta unanyonya maji kama utambi wa taa," atakuambia. Utambi ni nyuzi zisizokatika. Ukuta ni tofali, kisha chokaa ya kuunganishia, kisha tofali tena, na kila kiungo kinapunguza mwendo wa maji. Jeff Howell, aliyefundisha South Bank University jijini London, alisimamisha nguzo za matofali ndani ya maji akangoja unyevu upande kama unavyotangazwa, haukupanda. Mwaka 2008 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Wapo wataalamu wanaoona amekwenda mbali mno, nami sisemi unyevu haupandi kamwe. Nasema ni nadra, hupanda kidogo, na hauthibitishwi kwa kile kifaa chenye ncha mbili kinachobanwa ukutani na kuwasha taa nyekundu.

Kifaa kile kimepangwa kupima mbao. Kinachopimwa ni jinsi umeme unavyopita kati ya ncha mbili. Kwenye ukuta wa zamani chumvi inapitisha umeme, masizi yaliyochanganywa kwenye chokaa yanapitisha, karatasi ya ukutani yenye foili inapitisha. Taa nyekundu imekwambia kuna kitu kinachopitisha umeme, basi, haijakwambia ni maji ya wapi. BRE, taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, imeshaeleza kitambo namna ya kupima: toboa, kusanya unga wa ukuta kutoka urefu mbalimbali, upime uzito, ukaushe, upime tena. Muulize aliyekuja kukukagulia bure kama amefanya hivyo. Na mwaka 2022 RICS (chama cha wapima na wakaguzi wa majengo), Historic England na Property Care Association, ambacho ni chama cha hao hao wanaotibu unyevu, walitoa tamko la pamoja la kutaka chanzo kichunguzwe kwanza. Chama chao wenyewe kimesema. Bado sindano zinauzwa.

Zinauzwa kwa sababu ya namna ununuzi unavyokwenda hapa. Benki inayokukopesha inamtuma mthamini. Anakaa ndani muda mfupi, anabana kifaa, taa inawaka, anaandika: "mtaalamu wa unyevu aangalie." Benki inazuia sehemu ya mkopo mpaka iione hiyo ripoti. Wewe, ukiwa na haraka, unapiga simu kwa kampuni inayotangaza ukaguzi wa bure. Anayekuja hakuja kukukagulia nyumba. Yuko kazini kuuza, na analipwa akiuza. Anaandika makadirio ya paundi elfu kadhaa na kukuahidi dhamana ya miaka 20. Soma dhamana hiyo kwa makini: mara nyingi inahusu mstari wa kemikali peke yake, wala haigusi maji ya gata, ya bomba, wala ya mvuke.

Na kwa nini jirani anasema yake "imefanya kazi"? Kwa sababu pamoja na sindano walibandua plasta hadi usawa wa kiuno na zaidi, wakapaka saruji yenye kinga ya maji. Ukuta umefunikwa, haujakaushwa. Unyevu unakwenda nyuma ya saruji hadi utokee juu yake, au unalowesha ubao wa sakafu ulioingia ukutani, na ubao huo unaoza pasipo mtu kuuona.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Nyumba za Lamu, Mji Mkongwe na Mombasa ya kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, karibu na bahari ya chumvi, na chokaa ile inaruhusu ukuta kutoa unyevu wake. Palipobandikwa saruji, chumvi hujikusanya nyuma yake, lipu inavimba, inabanduka na vipande vya jiwe. Anayejua hivyo kuhusu nyumba ya babu yake akifika Handsworth anaruhusu saruji ile ile ipakwe kwenye matofali ya mwaka 1895. Hapo ndipo ninapokosa subira.

Nyumba moja niliyokagua karibu na mfereji ilikuwa na baka refu ukuta wote wa jikoni, na mwenyewe alikwisha kuletewa makadirio mawili ya sindano. Nilitoka uani na rula. Mtu alikuwa amemimina zege mpya juu ya zege ya zamani, na ua ukapanda hadi kufunika safu zote za matofali ya buluu pamoja na slate. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya kizuizi kwa milimita 150. Pale ilikuwa juu yake. Mvua ikinyesha, maji yanaegemea tofali laini moja kwa moja. Matundu ya hewa ya chini ya sakafu yalizibwa na zege hiyo hiyo. Dawa ilikuwa nyundo, koleo na mtaro wa kokoto kando ya ukuta, kisha kungoja, kwa sababu ukuta wa tofali nene hukauka kwa miezi.

Chanzo kingine ni mvuke. Familia ya watu wanne inatoa lita 10 au zaidi za maji kwa siku kwa kupika, kuoga, kupumua na kuanika nguo ndani. Mvuke ukikutana na ukuta baridi unakuwa maji, na juu yake unaota ukungu mweusi. Nikisema hivi simlaumu mama mwenye nyumba. Nguo za watoto lazima zikauke. Nalaumu nyumba iliyoondolewa njia za hewa. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili huko Rochdale, alifariki Desemba 2020 kwa ukungu wa nyumba waliyopanga, baada ya wazazi wake kulalamika na kuambiwa ni mtindo wao wa maisha. Ukungu ni jambo la kufa na kupona, ndiyo maana nataka hela ziende kwenye feni inayotoa hewa nje, si kwenye matundu.

Hatari ya kweli ya maji mnaisahau. Tarehe 27 Mei 2018, kituo cha hali ya hewa cha Winterbourne huko Edgbaston kilipata milimita 58 za mvua kwa saa moja. Mafuriko ya hapa hutoka juu, mifereji ya maji taka inaposhindwa, na kwenye mabonde ya Tame na Hockley Brook. Kwa hiyo fanya haya, haraka. Angalia anwani ya nyumba kwenye ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko. Ni bure, na soma ya maji ya mvua, si ya mto tu. Lipia ukaguzi wa Daraja la 3 wa RICS kwa mtu asiyeuza dawa yoyote. Benki ikitaka ripoti ya unyevu, mlipe mkaguzi huru aiandike. Wakili wako aulize kuhusu kalvati, bomba la maji taka, na nani anatunza ukuta wa upande wa mfereji. Gata zitazamwe siku ya mvua. Uliza bei ya bima kabla ya kubadilishana mikataba, maana kabla ya hapo unaweza kujitoa na baada ya hapo umefungwa. Mpango wa Flood Re, ulioanza 2016 na utakaokoma 2039, unapunguza bima ya mafuriko kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 2009 tu, kwa hiyo wanaonunua zile mpya za kando ya maji wapate bei ya bima kwa maandishi kwanza.